Spidi si kitu? Njooni foleni ya Likoni

Juzi mteja wangu mmoja, mzee mwenye nyumba za wageni Diani, alinirudishia makadirio ya bei ya kazi ya tovuti yake akiwa amekata mstari mmoja kwa kalamu nyekundu: kupunguza uzito wa kurasa, yaani zifunguke upesi. “Mwanangu, mbona kwangu yafunguka mara moja?”

Kwako, mzee! Ofisini, kwenye WiFi ya faiba, kwenye simu iliyokwisha kuifungua tovuti hiyo mara mia na kuzihifadhi picha zake zote. Hapo hata Bahari ya Hindi ingefunguka mara moja.

Wenzangu wa kazi hii ya kutengeneza tovuti husema wateja hawajali spidi. Uongo. Wanajali sana, ila hawaiiti spidi. Wanaiita “simu hazilii siku hizi” au “tovuti yako haina baraka”. Mgeni aliyechoka kungoja hapigi simu kulalamika. Anarudi nyuma na kubonyeza jina la jirani yako. Na Google nao tangu 2018 huihesabu spidi wanapopanga matokeo ya utafutaji kwenye simu, lakini mwambie mzee hayo uone kama atakusikiliza.

Basi tukiwa garini mwake, foleni ya feri ya Likoni, hapa Mombasa, nikaifungua tovuti yake kwa bando langu. Kiduara kikazunguka. Feri ikafika, mlango ukashuka, watu wakamwagika, mikokoteni, baiskeli, mama na kuku wake. Kiduara bado. Kisha picha ikaanza kushuka kama pazia: anga, anga tena, kichwa cha mnazi. Nyumba yenyewe hatukuiona. Kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zimetua mji huu huu tangu 2009, lakini hazimfuati mtu hadi kwenye feri.

Picha ile ilikuwa MB 7, vile vile ilivyotoka kwenye kamera. Na aliyeipakia, nakiri kwa shingo upande, ni mimi, miaka minne nyuma, nikiwa na haraka ya kulipwa. Nilipoibana ikashuka chini ya KB 200, na mzee hakuona tofauti yoyote.

Haya, kinyozi mwenye ukurasa mmoja na namba ya simu hahitaji kelele zangu hizi.

Mzee aliurudisha ule mstari. Kisha akauliza kama sasa, maadamu tovuti imekuwa nyepesi, tunaweza kuweka video ya pomboo inayoanza yenyewe.