Binti aliyekufa na deni la 108

Makina Hoshimura ni marehemu. Ana umri wa mwanafunzi wa sekondari, bunduki ya rashasha kila mkono, na deni: akishawaua wafu 108 waliofufuka na kugeuka mazimwi, ataingia mbinguni. Ahadi hiyo amepewa na dhehebu la watawa wa Kibudha wanaomtuma kazini. Anime yake (katuni ya Kijapani ya televisheni), Shikabane Hime, ilitengenezwa na studio za Gainax na Feel, ikaonyeshwa Japani tangu Oktoba 2008 hadi Machi 2009 kwa misimu miwili. Ni anime ya mabinti wafu wanaopigana, aina ambayo watu wengi huihukumu kwa dakika tano tu: damu, sketi fupi, maiti. Zima.

Hukumu hiyo ina msingi, tuseme ukweli. Kamera ya Shikabane Hime hupenda kumtazama Makina kutokea chini, hata pale ambapo hadithi haina haja hiyo. Lipo na shtaka zito kuliko hilo, nalo ndilo linalonisumbua zaidi. Shujaa akishakuwa mfu, mchoraji anapata ruhusa ya kumfanyia lolote. Atakatwa, atachomwa, atarushwa ukutani, kisha mwili utajiunga na pambano litaendelea. Mateso ambayo tusingevumilia kuyaona kwa msichana aliye hai tunayatazama huku tunatafuna bisi, kwa sababu tumeambiwa kwamba huyu alishakufa. Wanaosema hivyo si waoga wala si watu wasioelewa sanaa.

Pingamizi la kidini nalipita haraka. Mzazi Mkristo au Mwislamu atasema mfu amelala na kumwamsha ni uchawi. Ajabu ni kwamba hadithi hizi zenyewe zinakubaliana naye. Katika Shikabane Hime kufufuka ni najisi, na wapo watawa wanaowatazama mabinti kama Makina kuwa vyombo vichafu vya kazi. Hakuna anayesifia jambo lenyewe.

Kinachopotea katika hukumu ya dakika tano ni hesabu. Namba 108 haikuokotwa. Katika Ubudha inahesabu tamaa zinazomfunga binadamu. Ndiyo idadi ya shanga za tasbihi ya Kibudha, na ndiyo idadi ya mapigo ya kengele ya hekalu usiku wa kuamkia Januari Mosi huko Japani, kila pigo likiosha tamaa moja. Hadithi imechukua namba hiyo ya utakaso na kuigeuza kuwa ujira. Kila pigo sasa ni kichwa cha mtu.

Tuifuate hesabu hiyo hadi mwisho wake, maana wachambuzi wengi wanaitaja na kupita. Ili binti mmoja aende mbinguni, lazima wafu 108 wafufuke. Mabinti kumi wanahitaji wafu 1,080. Dhehebu lenye mabinti wengi haliwezi kutamani kwa dhati siku ambayo wafu watatulia makaburini, kwa sababu siku hiyo ahadi yake kwa watumishi wake itakuwa haitekelezeki. Je, ni akina nani hao wanaohesabiwa? Ni watu waliokufa wakiwa na jambo ambalo moyo haukuliachia: mapenzi, chuki, mtoto, kisasi. Makina naye alifufuka kwa sababu hiyohiyo. Familia yake iliuawa na kundi la wafu liitwalo Nyota Saba, naye hakukubali kufa kabla ya kulipiza. Kwa asili, basi, hana tofauti na anaowaua. Kinachomtenga nao ni mkataba: mtawa aliyefungamana naye na kumpa nguvu ya uhai ili asioze roho. Ondoa mtawa, naye anaingia katika hesabu ya binti mwingine.

Na nani anashika daftari? Yuleyule anayelipa. Malipo yenyewe yako upande wa pili wa mauti, mahali ambapo aliyekwisha kulipwa hawezi kurudi kutoa ushahidi kwamba kweli alilipwa. Sijawahi kuona mkataba wa kibarua wenye kipengele kibaya kuliko hiki.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufundishwa jambo hili. Katika simulizi zetu msukule ni mtu aliyezikwa na kuliliwa, kumbe amefichwa na mchawi, analima usiku shamba la bwana wake bila mshahara. Tena husemekana hukatwa ulimi. Makina ni msukule mwenye ulimi. Anauliza, anakasirika, anabishana na watawa, anataka kisasi chake mwenyewe wakati wao wanataka idadi. Hadithi ya msukule kwetu husimuliwa na ndugu aliyefiwa au na mchungaji anayedai kumrudisha. Anime hizi zinamwachia aliyefukiwa asimulie mwenyewe, na hapo ndipo zinaponishinda kuzitupa.

Wapo wanaojibu kwamba Keisei, mtawa wa Makina, ni mtu mwema, hivyo utumwa unautoa wapi? Ni kweli. Keisei anamtendea kama ndugu, na ndiye aliyemlea Ouri, kijana yatima ambaye kwa macho yake tunaingia katika hadithi. Lakini angalia kinachotokea. Keisei anauawa, na wema wake unaondoka naye, wakati utaratibu mzima wa mikataba unabaki kama ulivyokuwa, hadi nafasi yake inapojazwa na Ouri. Bwana mwema ni bahati, na mwandishi Yoshiichi Akahito, aliyeianza hadithi hii kama manga, yaani kitabu cha katuni, mwaka 2005, hakumpa Makina bahati hiyo kwa muda mrefu.

Ukubwa wa geuzo hili unaonekana zaidi ukijua mfu wa kike alikuwa nani katika hadithi za Japani hapo zamani. Alikuwa mzuka wa kisasi. Maarufu kuliko wote ni Oiwa, mke aliyetiliwa sumu kwa njama iliyomfaidi mumewe, ambaye amekuwa akipanda jukwaa la kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani, tangu 1825 akiwa na uso ulioharibika. Katika simulizi za jamii hiyo kazi ya mtawa ni kumtuliza marehemu: asome sutra, maandiko ya Kibudha, apige kengele, nafsi ipumzike. Katika Shikabane Hime mtawa huyohuyo amemkuta mwanamke aliyedhulumiwa, akaona hasira yake ni mali, akamkabidhi bunduki. Na haya yanatokea katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 99 ya marehemu huchomwa moto. Kila mwili unaotembea katika hadithi hii ni mwili ambao haukupewa haki ya kawaida kabisa, ile ambayo hata maskini wa Japani huipata.

Mtu anaweza kusema nasoma mengi mno katika kazi ya kawaida. Huenda, maana Shikabane Hime si kazi bora. Vipindi vyake kadhaa vya mwanzo ni zimwi la wiki, pambano, kwaheri. Ndiyo maana inafaa kuipima kwa Puella Magi Madoka Magica ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Gen Urobuchi na kuongozwa na Akiyuki Shinbo. Hapa mwanzoni maiti hawaonekani. Rangi ni za pipi, wasichana ni wa sekondari, na kiumbe mweupe mithili ya paka, Kyubey, anawapa kila mmoja ombi moja ili wapigane na wachawi. Katika sehemu ya sita Madoka, msichana ambaye anime ina jina lake, anakitupa kito ambacho rafiki yake Sayaka alipewa kwa mkataba huo kutoka darajani, kinaangukia juu ya gari na kupelekwa mbali, na Sayaka anaanguka palepale, hana pumzi. Ndipo Kyubey anaeleza, kwa sauti ya karani, kwamba roho ilishahamishiwa kwenye kito siku ya mkataba, kwamba mwili unaweza kuongozwa ukiwa ndani ya umbali wa mita 100 tu, na kwamba haoni sababu ya watu kuhamaki. Mwili wa nyama huvunjika upesi. Amewapa ulio imara. Hakudanganya. Hakuulizwa.

Baadaye tunajua kwamba wachawi wenyewe walikuwa wasichana kama hao, waliokata tamaa hadi kito kikachafuka chote, na kwamba ili kusafisha kito chake kila msichana anahitaji mbegu inayodondoshwa na mchawi aliyeuawa. Anaishi kwa mabaki ya waliomtangulia, na wajao wataishi kwa mabaki yake. Kyubey anavuna nishati pale msichana anapoanguka. Ni hesabu ya Makina ileile, ila sasa haina kamera ya kuilalamikia wala damu nyingi ya kuisingizia. Ukiona kiini kinabaki baada ya kuondoa makorokoro yote, si haki kusema makorokoro ndiyo yaliyokuwa kiini.

Madoka pia inalijibu lile shtaka la mwili unaojiunga, na inalijibu vizuri kuliko mimi. Sayaka alimwombea kijana anayempenda, mpiga fidla, apone mkono. Alipojua kwamba yeye mwenyewe ni mfu, anaona hana tena haki ya kumwambia amkumbatie. Kisha anagundua kwamba anaweza kuzima maumivu. Anapigana huku anachanika, anacheka, vidonda vinajifunga, na rafiki yake anayetazama analia. Pale mwili unaojiponya si ruhusa ya mtazamaji kufurahia. Ni dalili kwamba Sayaka ameshaacha kujihesabu kuwa mtu, na msimamizi wake amepata alichokitaka: mfanyakazi asiyesikia uchungu.

Kwa kamera sina utetezi. Hadithi inayolaani watawa kwa kuutumia mwili wa marehemu, kisha nayo inautumia mwili huohuo kuuza DVD, imejiunga na watawa. Mtu akiacha kuitazama Shikabane Hime kwa sababu hiyo nitamwelewa. Ila nitamwomba asiseme imeandikwa bila kufikiri, kwa sababu aliyeandika na aliyeweka kamera hawakuwa wanafanya kazi moja.

Shtaka la mwisho ni gumu zaidi: kwa nini daima ni msichana, na mwenye mkataba ni mwanamume au kitu kinachosema kwa mamlaka ya kiume? Hellsing, hadithi ya vampaya, inajaribu njia ya pembeni. Seras Victoria, askari polisi wa Uingereza, anapigwa risasi na Alucard, vampaya anayetumikia shirika la Hellsing, ili risasi ipite kwake imfikie adui aliyemshika mateka. Kisha anafufuka akiwa vampaya, mtumishi wa aliyemuua. Kinachomfanya awe mtu ni kukataa. Anakataa damu kwa muda mrefu, na siku anapokunywa ni damu ya Pip, mwenzake anayekata roho, kwa ombi lake Pip mwenyewe. Bwana hakuamua. Seras ni mfano mmoja mzuri, na Hellsing imejaa mambo mengine ambayo sitajisumbua kuyatetea.

Kabaneri of the Iron Fortress, anime ya mwaka 2016 kutoka Wit Studio, ilikuwa karibu zaidi na jibu. Mumei na Ikoma, msichana na mvulana, wote wamekwama kati ya uhai na ufu, wote wanahitaji damu, na hakuna mwenye mkataba juu ya mwingine. Kwa sehemu kadhaa za mwanzo Mumei ndiye hodari na Ikoma ndiye anayefundishwa. Halafu anatokea Biba, bwana anayemwita ndugu na aliyemlea awe silaha, na msimu unamalizika kwa Mumei kugeuzwa zimwi kubwa, kisha Ikoma anakwenda kumwokoa. Yaani walikuwa na watu wawili wenye hali moja, wangeweza kumpa yeyote nafasi ya kuokolewa, wakampa yuleyule. Wakosoaji wana haki ya kuitaja Kabaneri kila tunapobishana, nami nimechoka kuwatafutia jibu.