Kuteka meli si kuimiliki

Kuna makala inayosema nahodha wa Kiingereza wa karne ya 17 akiteka meli, mzigo ni wake. Sivyo. Meli ililetwa bandarini ngama zake, yaani vyumba vya chini vya mzigo, zikiwa zimefungwa, nyaraka zake zikakabidhiwa, halafu nahodha aliyetekwa na watu wake wachache wakahojiwa kwa kiapo: meli imejengwa wapi, wenye hisa nani, shehena ni ya nani, ilikuwa ikielekea wapi. Mpaka Mahakama ya Admirali pale London, iliyosikiliza kesi za baharini, itoe hukumu kuwa ni ngawira halali, hakuna wa kugawa kitu. Hata ikihukumiwa hivyo, fungu la kumi lilikuwa haki ya Admirali Mkuu, yaani mkuu wa jeshi la majini.

Kesi ngumu zilikuwa za umiliki. Meli moja iligawanywa hisa za nane, kumi na sita, hata thelathini na mbili, tena wenye hisa wakikaa miji tofauti. Wakati wa vita na Waholanzi, mfanyabiashara wa Amsterdam angeweza kuandikisha mzigo kwa jina la mtu wa Hamburg, mji usiokuwa vitani, na mdai ndiye aliyepaswa kuthibitisha kuwa mali ni yake kweli.

Kuhusu kufungua ngama mapema, angalieni Septemba 1665. Earl wa Sandwich, kamanda wa meli za kivita za Kiingereza, aliteka meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki zilizojaa pilipili manga, karafuu, kungumanga na hariri, akaruhusu maofisa wake wagawane kabla ya hukumu. Pamoja na ukubwa wa cheo chake, aliondolewa kwenye amri ya jeshi la majini, akapelekwa Hispania kuwa balozi. Adhabu ya kistaarabu hiyo!