Marshall si sigara tu
Ndugu mwandishi, katika makala yako umemwonea Thomas Marshall, aliyekuwa makamu wa Rais Woodrow Wilson wa Marekani. Umemwita makamu wa rais wa utani, anayekumbukwa kwa ule mzaha wake kwamba nchi inachohitaji ni sigara nzuri ya senti 5, basi. Oktoba 1919 Rais Wilson alipigwa na kiharusi. Mkewe Edith na daktari wakafunga mlango wa chumba cha mgonjwa, Marshall asiruhusiwe hata kumjulia hali. Kuna waliomsukuma achukue urais, akakataa. Katiba haikusema nani atamke kwamba rais hajiwezi. Pengo hilo lilizibwa 1967! Na majira hayohayo, mapema 1920, Marshall na mkewe Lois, wasiojaliwa mtoto, walimzika mvulana mdogo waliyekuwa wakimlea. Hilo hukuligusa kabisa, nalo limeniuma.