Signifer ni mshika bendera aliyegeuzwa

Nilipoanza kujifunza Kilatini nilipewa orodha nikariri: agricola, mkulima, signifer, mshika bendera, tubicen, mpiga tarumbeta. Nikakariri. Hakuna aliyenionyesha kwamba zile tafsiri zenyewe zilibeba somo zima la maneno ambatani, yaani yaliyoundwa kwa kuunganisha maneno mawili, na mpaka leo naona hilo ni kosa kubwa katika kumfundisha Mswahili lugha hii.

Tazama mshika bendera. Kwetu kitendo hutangulia, kinachotendwa hufuata. Mroma alianza na signum, bendera, ndipo akaleta fero, kubeba, na katikati akatia i ya kuungia. Vivyo hivyo lux, yenye shina luc-, ikazaa lucifer, mleta nuru; arma, pamoja na gero, kubeba, ikazaa armiger, mbeba silaha. Hata wingi umekaa kinyume: sisi hubadili mwanzo, washika bendera, yeye hubadili mwisho, signiferi.

Ugumu uko kwenye irabu. Tubicen ni tuba, tarumbeta, na cano, kuimba au kupiga ala. Ile a ya cano imekwenda wapi? Zamani sana Kilatini kilitia mkazo kwenye silabi ya kwanza ya neno, kwa hiyo a fupi iliyokaa nyuma yake ilififia: ikawa e katika silabi iliyofungwa na konsonanti, i katika silabi iliyo wazi, inayoishia na irabu. Ndiyo maana tubicen, lakini "ya mpiga tarumbeta" ni tubicinis. Facio, kutengeneza, imejificha hivyo hivyo ndani ya artifex, fundi, na artificis. Mimi nilikariri maumbo hayo yote mojamoja, kwa machozi.

Res publica, dola, ni jambo jingine. Ni maneno mawili yaliyozoeana, na yote hubadilika: rei publicae. Anayeshangaa akumbuke mwanamke na wanawake.

Quintilianus, mwalimu wa balagha wa karne ya 1, aliandika kwamba kuunganisha maneno kunawafaa zaidi Wagiriki kuliko Waroma. Alitoa mfano wa mshairi Pacuvius, aliyewaita viumbe wa baharini repandirostrum, wenye pua zilizobinuka, na incurvicervicum, wenye shingo zilizopinda. Nakubali, maneno hayo yanakwama kooni. Lakini hapo aliyezidisha ni mshairi. Mkulima shambani, fundi karakanani, mpiga tarumbeta na mshika bendera jeshini, kila mmoja Kilatini kilimpa jina la kuunganishwa linalotamkika kwa pumzi moja.