Mashine Haiwaki, Washauri Tele

Mashine ya boti hujua siku una wageni. Ukiwa peke yako, huna haraka wala pa kwenda, unavuta kamba mara moja inanguruma mpaka ndege wanaruka. Lakini ngoja shemeji aje na miwani yake ya jua, watoto wavalishwe jaketi za kujiokolea, mke aketi mbele na kapu mapajani. Hapo utavuta kamba mpaka bega likuulize mlikosana lini. Frrrp. Kamba inarudi ndani. Kimya. Frrrp. Kimya.

Wa kumlaumu kwangu mimi ni Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani. Inasimuliwa kwamba siku moja mchumba wake alitamani aisikrimu, jamaa akapiga makasia ziwani kuifuata, kurudi imeyeyuka yote. Mwanamume mwingine angemwambia mchumba avumilie. Yeye akaenda kuunda mashine ya kufunga nyuma ya boti, na kufikia 1909 tayari alikuwa nayo. Yaani aisikrimu ya watu iyeyuke zaidi ya miaka 100 iliyopita, anayeumwa kiuno leo niwe mimi.

Halafu mafundi wanakuudhi zaidi kwa kukwambia eti mashine inataka vitu vitatu tu: petroli, hewa na moto wa plagi. Vitatu tu! Wasichosema ni kwamba kila kimoja kinakuja na ukoo wake mzima. Petroli ina tanki, tanki lina kifuniko, kifuniko kina skrubu ya hewa. Skrubu hiyo ikibaki imefungwa, mashine itawaka vizuri tu, itakupeleka mbali kidogo, kisha itashindwa kunyonya na kukuacha katikati ya maji ukiangaliana na samaki. Baada ya tanki kuna mpira wa petroli wenye kile kipira cha kubinya. Mshale wake lazima uelekee kwenye mashine, unabinya mpaka kiwe kigumu. Nimebinya. Ni kigumu. Gia iko nyutro. Kile kiklipu chekundu cha kamba ya usalama, ambacho kikichomoka mashine haiwaki hata uipigie magoti, kiko mahali pake. Frrrp.

Ukiwa na mashine isiyowaka huhitaji kuita mtu, washauri wanaota ardhini. Wa kwanza huwa mzee mmoja mpole.

"Mwanangu, umeangalia petroli?"

"Nimeangalia, mzee."

"Ipo?"

"Ipo."

"Hebu angalia tena."

Naangalia tena. Siwezi kumkatalia mzee mbele ya watu. Petroli ipo, haijaenda popote, kwani ingeenda wapi na mashine haijawaka?

Wa pili anasema nivute kwa nguvu. Aliye kando yake anasema nisivute kwa nguvu, nivute taratibu mpaka kamba ikamate, ndipo niivute ghafla mara moja. Huyu yuko sahihi, ila simwambii, nikimwambia ataanza kufundisha. Wa nne anapiga kelele, "Vuta choki!" Wa tano, "Rudisha choki!" Mashine baridi inataka choki, sawa, lakini ukivuta kamba mfululizo huku choki imefunga njia ya hewa, petroli inajaa ndani na plagi zinalowa chapachapa. Kufika hapo harufu ya petroli inasikika mpaka kwa majirani, na ndipo mshauri wa sita anaposogea kuchungulia, sigara mdomoni. Nimemfukuza. Amenuna, anasema siku hizi watu hawataki kusaidiwa.

Wakati huohuo kuna aliyeanzisha mjadala wa oili. Mashine nyingi za kuchanganya oili kwenye petroli zinataka 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita, imeandikwa kabisa kwenye kitabu chake. Yeye anasema kitabu hakijui kitu, ongeza oili, oili haijawahi kumdhuru mtu. Mtu labda. Plagi inazidhuru, zinaziba kwa masizi meusi.

Basi nikafungua plagi, nikazifuta, nikaziacha zipigwe upepo. Kujua kama moto upo, unairudisha plagi kwenye waya wake, chuma chake unakigusisha kwenye bodi ya mashine, mbali na tundu linalotoa mvuke wa petroli, halafu mtu anavuta kamba. Cheche ikiwa ya buluu na inalia ta! ta!, upande wa moto umepona. Nikamwambia shemeji ashike kwa koleo yenye mpira. Shemeji akasema koleo ni za waoga, akashika plagi kwa vidole. Nikavuta. Cheche hatukuiona. Tulimwona shemeji. Miwani tuliiokota baadaye.

Kwa hiyo moto upo, shemeji ni shahidi. Hewa ipo, inatuzunguka bure. Ikabaki petroli, ambayo mzee aliitaja tangu mwanzo, na sasa ananiangalia kwa jicho ambalo sitalieleza. Chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, kuna kikombe kidogo chenye skrubu ya kumwagia. Nikakinga chupa angavu, nikafungua. Juu petroli, rangi yake ileile. Chini, maji. Vitone vya duara, vinateleza huku na kule kila nikiinamisha chupa, havichanganyiki na mtu. Maji ni mazito kuliko petroli, yanakaa chini ya tanki kule kule mpira unakonyonyea. Mashine imekuwa ikinyweshwa maji muda wote huu, nasi tunaiita mkaidi.

Yalitoka wapi? Tanki likikaa nusu muda mrefu, unyevu wa hewa unaganda matone kwenye kuta zake na kuchuruzika. Na tanki lilikaa nusu kwa sababu kuna mtu aliazima boti msimu uliopita, akairudisha usiku, akasema, "Shemeji, petroli nimekuachia kidogo." Simtaji. Vidole vyake bado vinatetemeka.

Nikamwaga tanki lote, nikasafisha filta, nikatia petroli mpya, nikabinya kipira. Kamba. Ikakohoa. Kamba tena. Ikawaka! Moshi wa buluu, watoto wanashangilia, washauri wanapeana mikono. Kila mmoja alikuwa amesema. Hata yule wa sigara alirudi kupokea pongezi.

Nami nikaizima.

"Kaka! Umezima ya nini, si ilikuwa imewaka?"

Ilikuwa imewaka, lakini kuna tundu dogo kwa nyuma ambalo lazima liteme maji mashine inapozunguka. Ndiyo dalili kwamba pampu yake inavuta maji ya kuipoza. Lisipotema, kuna njia imeziba au ile impela, kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji ndani, imekufa, na ukiendelea kujifurahisha na mngurumo unaiunguza mashine mzimamzima. Lilikuwa halitemi hata tone. Watu sita wenye macho kumi na mawili, wote wanatazama moshi.

Nikatafuta waya mwembamba, nikachokoa. Kikatoka kijidonge cha tope kikavu, mdudu fulani alikuwa amejenga humo. Sasa inabidi kuwasha upya, na bega langu halipo tena kwenye mazungumzo haya. Nikamnyooshea shemeji kamba.

Shemeji akashika kiuno, akasema siku hizi mgongo wake si mzuri.