Kombe lililofunikwa muda mrefu mno

Mataifa makubwa yakianza kutunishiana misuli, hakosi mchambuzi wa kutukumbusha Cuba. Hadithi yake tumeizoea: Oktoba 1962 Nikita Khrushchev, kiongozi wa Urusi ya Kisovieti, alipenyeza makombora ya nyuklia kisiwani, Rais John Kennedy wa Marekani akakaza kamba, Mrusi akaona maji yamezidi unga, akafungasha virago. Halafu linafuata funzo: adui hapewi nafasi ya kupumua, mtolee macho tu, atanywea mwenyewe.

Hadithi hiyo ni nusu. Nusu iliyoachwa ndiyo iliyotuokoa, na iliachwa kwa makusudi. Makombora ya Cuba hayakuteketeza mji hata mmoja. Uongo uliofuata sina hakika kwamba haukuteketeza.

Tuanze na makombora yasiyotajwa sana. Marekani ilikuwa na makombora 15 aina ya Jupiter nchini Uturuki, na mengine 30 Italia. Kila moja lilibeba bomu lenye nguvu karibu mara mia ya lile la Hiroshima. Mpango ulipitishwa enzi za Rais Eisenhower, aliyemtangulia Kennedy, lakini yale ya Uturuki yalikuja kuwa tayari kwa kazi Kennedy akiwa ameshaingia madarakani. Kijeshi yalikuwa mzigo. Yalisimama juu ya ardhi, peupe kabisa, na kuyajaza mafuta kulichukua muda. Silaha ya namna hiyo haimsaidii anayejihami, kwa sababu haiwezi kunusurika pigo la kwanza. Inamfaa anayetaka kupiga wa kwanza. Warusi waliliona hilo vizuri. Khrushchev alikuwa na nyumba ya mapumziko kwenye ufuko wa Bahari Nyeusi, na Uturuki iko ng'ambo ya bahari hiyohiyo.

Jumanne ya Oktoba 16, siku ambayo Kennedy alionyeshwa picha za Cuba zilizopigwa na ndege ya upelelezi ya U-2, kinasa sauti alichokificha ikulu kilikuwa kikifanya kazi. Anasikika akishangaa: mbona hii ni sawa na sisi kuanza ghafla kuweka makombora mengi ya masafa ya kati Uturuki, na hilo lingekuwa hatari kubwa. Mshauri wake wa usalama, McGeorge Bundy, anamjibu: tulishayaweka, Mheshimiwa Rais.

Ningependa kila anayehubiri juu ya Cuba asikilize kwanza mkanda huo. Tumefundishwa kwamba Vita Baridi ilikuwa vita ya itikadi, ubepari na ukomunisti, soko na mpango wa serikali, kura na chama kimoja. Ilikuwa hivyo kwa mengi. Lakini ilipofika ukingoni kabisa, hakuna aliyekuwa akijadili Marx wala Adam Smith. Walikuwa watu wawili wenye hofu ileile, kila mmoja akiona silaha ya mwenzake ni uchokozi na yake ni kinga.

Oktoba 19 majenerali walimjia Kennedy. Wengi walitaka kupiga na kuvamia. Mkuu wa jeshi la anga, Curtis LeMay, alimwambia rais wake uso kwa uso kwamba kuzingira Cuba kwa meli tu ni kubaya karibu sawa na Munich. Munich ni ule mji ambao mwaka 1938 Uingereza na Ufaransa walikubali Hitler ajikatie kipande cha Czechoslovakia ili kuepusha vita, na vita ikaja mwaka mmoja baadaye. Kwa kizazi kile neno hilo lilikuwa tusi. Kwa Kennedy lilichoma zaidi, maana baba yake ndiye aliyekuwa balozi wa Marekani London wakati huo, na aliunga mkono makubaliano yale. Likumbuke neno hili, litarudi.

(Huku kwetu, Uganda ilikuwa imepandisha bendera yake Oktoba 9 na kupokewa Umoja wa Mataifa Oktoba 25, siku ileile ambayo balozi wa Marekani Adlai Stevenson alimbana Mrusi Valerian Zorin mbele ya Baraza la Usalama na kuonyesha picha za makombora. Taifa la siku 16 likaingia kwenye jengo ambalo wakubwa wake walikuwa wakibishana kama mwezi utaisha salama.)

Jumamosi ya Oktoba 27 ndiyo iliyokuwa kilele. Asubuhi Moscow ilitangaza redioni sharti jipya: tutaondoa yetu Cuba, nanyi ondoeni yenu Uturuki. Siku hiyohiyo ndege ya U-2 ilitunguliwa juu ya Cuba na rubani wake, Rudolf Anderson, akafa. U-2 nyingine ilipotea njia kutoka upande wa Alaska ikajikuta ndani ya anga ya Urusi. Baharini, meli za Marekani zilikuwa zikiirushia vilipuzi vya mazoezi nyambizi ya Kirusi B-59 ili ijitokeze juu, bila kujua kwamba ina torpedo moja yenye kichwa cha nyuklia. Ndani ya nyambizi joto lilikuwa halivumiliki, betri zinakata, mawasiliano na Moscow hakuna. Kwa simulizi za waliokuwemo, kapteni Valentin Savitsky alifikia hatua ya kuagiza torpedo ile iandaliwe, na Vasili Arkhipov, ofisa mwenzake aliyekuwa safarini naye, akamtuliza. Niambie basi, hapo ni msimamo wa nani ulioshinda? Kama Kennedy alimtolea mtu macho, Savitsky hakuyaona. Alikuwa chini ya maji.

Na kuna lingine. Huko Cuba kulikuwa na askari wa Kisovieti zaidi ya 40,000, mara kadhaa ya makadirio ya Wamarekani, na walikuwa na silaha ndogo za nyuklia za kutumia dhidi ya jeshi linaloshuka ufukweni. Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Kennedy, aliambiwa habari za silaha hizo mwaka 1992 katika mkutano uliofanyika Havana, miaka 30 baadaye, akashtuka. Uvamizi alioutaka LeMay ungetua juu ya silaha hizo.

Turudi ikulu, mchana wa Jumamosi hiyo. Karibu washauri wote walipinga kubadilishana makombora ya Cuba na yale ya Uturuki. Anayesikika kwenye mkanda akishikilia ni rais mwenyewe: anasema kwa mtu yeyote mwenye akili zake, sharti hili litaonekana biashara ya haki kabisa. Hapo namvulia kofia Kennedy, na ajabu ni kwamba hapo ndipo mashabiki wake hawamsifii.

Jioni alimtuma mdogo wake Robert, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akaonane na balozi wa Urusi, Anatoly Dobrynin. Ujumbe ulikuwa na tabaka mbili. La juu: ondoeni makombora, nasi tutaahidi kutoivamia Cuba. La chini: Jupiter za Uturuki nazo zitaondoka baada ya miezi minne au mitano, ila mkilisema hadharani, hakuna makubaliano. Waliolijua tabaka hilo la chini upande wa Marekani hawakufika kumi. Makamu wa Rais, Lyndon Johnson, hakuwemo.

Jumapili Khrushchev alitangaza redioni kwamba anaondoa makombora. Fidel Castro alipata habari kama msikilizaji mwingine yeyote, akawaka kwa hasira. Waturuki, ambao biashara ilikuwa juu ya ardhi yao, hawakuulizwa. Khrushchev alijaribu kuliweka jambo la Uturuki kwenye maandishi, akatuma barua. Robert Kennedy aliirudisha. Kwa taarifa ambayo Dobrynin aliituma Moscow, alieleza kwamba karatasi kama hiyo ikija kuonekana siku moja itamharibia kabisa maisha yake ya kisiasa. Fikiria: dunia imetoka kuponea chupuchupu, na mmoja wa walioiponya anaogopa kuonekana ameiponya kwa njia gani.

Mwishoni mwa Aprili 1963 Jupiter za mwisho zilishushwa Uturuki, kimyakimya, kwa maelezo kwamba zimepitwa na wakati. Jambo ambalo, kusema haki, lilikuwa kweli.

Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Sina ugomvi nao. Uchaguzi wa Bunge la Marekani ulikuwa Novemba 6, washirika wa NATO wangelalamika kwamba wameuzwa, Uturuki ingeona imesalitiwa. Ningekuwa mimi ikulu usiku ule, ningefunika vilevile. Lakini mwanaharamu akishapita, kombe hufunuliwa, watu wakala. Hawa walilikalia. Kitabu cha kumbukumbu za Robert Kennedy kilitoka mwaka 1969, baada ya yeye kuuawa, kikitaja Uturuki kwa kuzungukazunguka, kama jambo ambalo rais alikuwa na nia nalo tu. Mwaka 1989, kwenye mkutano Moscow, Theodore Sorensen, aliyekuwa mwandishi wa hotuba za rais na ndiye aliyekihariri kitabu hicho, alikiri kwamba kwenye shajara ya marehemu makubaliano yalikuwa wazi, na yeye ndiye aliyeyafuta.

Na hawakufunika tu, walimtia mtu matope juu yake. Stevenson, yuleyule wa Baraza la Usalama, alikuwa amependekeza ndani ya vikao, wiki moja kabla ya makubaliano, kwamba Jupiter za Uturuki ziwekwe mezani. Alipingwa vikali. Desemba 1962 jarida la Saturday Evening Post likatoa makala ya waandishi wawili, mmoja wao rafiki wa karibu wa rais, ikimnukuu ofisa asiyetajwa jina akisema Adlai alitaka Munich. Umeliona lile neno limerudi? Rais alikuwa ameshafanya kilekile alichoshauri Stevenson, na aliyebebeshwa aibu ya woga ni Stevenson. Huu kwangu ndio ukurasa mchafu kuliko yote katika kisa kizima, na haupati nafasi kwenye mihadhara.

Upande wa pili, aliyeficha ushindi wake wa siri alilipia. Khrushchev hakuweza kuwaambia Warusi kwamba hakurudi mikono mitupu. Oktoba 1964 wenzake walimng'oa, na Cuba ilikuwa miongoni mwa mashtaka. Hata wanadiplomasia wa Kisovieti walishaondoka kwenye mzozo na funzo lao. Vasily Kuznetsov alimwambia Mmarekani John McCloy kwamba hamtatufanyia hivi tena. Hawakutania. Mwaka 1962 Marekani ilikuwa na vichwa vya nyuklia zaidi ya 25,000 na Urusi kama 3,300. Katikati ya miaka ya 1980 Urusi ilikuwa na takriban 40,000.

Sisemi siri ya Uturuki ndiyo iliyojenga hayo yote. Viwanda vya silaha na majenerali wa pande zote wangepata sababu nyingine. Na haki itendeke: mwaka uliofuata mzozo ulileta simu ya moja kwa moja kati ya Moscow na Washington, na Agosti 1963 ukasainiwa mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia angani, chini ya maji na anga za juu. Waliokaribia shimo walirudi nyuma hatua moja, wakijua ni kwa nini. Ambao hawakujua ni umma, wabunge, magazeti, na mtu mmoja aliyekuja kuwa rais.

Kuna jambo linaloisumbua hoja yangu, nami silikwepi. McNamara, Bundy na Dean Rusk, waziri wa mambo ya nje, waliijua siri. Walijua kwamba Cuba iliisha kwa nipe nikupe. Na bado watatu hao ndio walioisukuma Marekani ndani ya Vietnam, huku George Ball, naye mjuzi wa siri ileile, akipinga. Kwa hiyo kuujua ukweli hakutoshi. Ila naona hivi: mtu anayejua ukweli lakini kila siku anasifiwa kwa uongo wake hadharani, mwisho huanza kuuishi ule uongo. Na Johnson hakuwa hata na ukweli wa kuusahau. Alichokuwa nacho ni hadithi ya shujaa aliyemtangulia, aliyemtolea Mrusi macho na kushinda bila kutoa kitu.

Stevenson alianguka na kufa kwenye barabara ya London Julai 14, 1965, akiwa bado na lebo ya Munich mgongoni. Wiki mbili baadaye, Julai 28, Johnson alisimama mbele ya waandishi kutangaza kwamba askari wa Marekani Vietnam wataongezwa kutoka 75,000 hadi 125,000. Alieleza kwamba kusalimu amri hakutaleta amani, kwa sababu tulijifunza kwa Hitler kule Munich kwamba mchokozi akifanikiwa ndipo hamu yake inapozidi.