Kilo Zilizotoka Garini Zimehamia Kwangu

Watu wanaodhani kwamba gari jepesi ni jepesi pia kulimiliki hawajawahi kuishi na mtu anayejua uzito wa kila bolti aliyoifungua, na ushahidi wa jambo hilo utaupata kwa mke wangu, hapa Lowell katika jimbo la Massachusetts, saa yoyote utakayomkuta hajakasirika.

Gari lenyewe linaitwa 818. Hiyo si namba ya nyumba wala ya bahati nasibu. Ni uzito ambao kampuni ya Factory Five Racing, iliyoko Wareham kusini mwa Boston, ilijiwekea kuwa shabaha ilipokuwa ikilibuni: kilo 818, yaani takribani paundi 1,800, kwa gari la viti viwili ambalo injini yake inakaa nyuma ya mgongo wa dereva. Wao waliniuzia chasisi ya mabomba ya chuma pamoja na bodi. Kilichobaki unakitafuta mwenyewe kwa kununua Subaru Impreza WRX ya kati ya mwaka 2002 na 2007, ikiwezekana iliyopata ajali ya kuharibu bodi bila kugusa injini, unaichinja kama fahali wa arusi, kisha injini, giaboksi, breki, kompyuta na nyaya zake unavihamishia kwenye chasisi mpya. Mradi ulipotangazwa, azma ilikuwa gari zima likamilike kwa chini ya dola 15,000, nami naitaja hesabu hiyo hapa kwa sababu ndiyo niliyomsomea mke wangu, na ndiyo anayonisomea yeye hadi leo kila bahasha ya benki inapofika.

Kwamba mtu aliyekulia Mombasa miaka ya 1990, Patrick Njiru akitimua vumbi la Safari Rally ndani ya Subaru, angemalizia na Subaru, hilo halihitaji maelezo. Kinachohitaji maelezo, kwa mujibu wa familia yangu, ni kwa nini nilinunua Subaru inayokwenda vizuri kisha nikaifungua. Mama nilipompigia simu kumweleza alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, yaani umekwenda mpaka Marekani kununua gari ambalo halijaundwa?" Mjomba wangu, ambaye ni fundi kule Changamwe na amepokea magari ya Kijapani yaliyokatwa nusu tangu sijabalehe, alisema kwamba wao huletewa nusu gari kwa bei ya nusu, sasa angependa kujua ni mjanja gani huyo aliyeniuzia robo kwa bei ya zima.

Hesabu, hata hivyo, ilikuwa upande wangu. WRX ya mwaka 2002 ilipotoka kiwandani ilikuwa na karibu kilo 1,400, na katika soko la Marekani injini yake ya lita mbili yenye turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa ya ziada, ilitoa nguvu za farasi 227. Ukiwachukua farasi hao hao ukawapa kilo mia nane na ushei za kuvuta, huhitaji shahada kujua nini kitatokea taa ikiwaka kijani. Lakini hakuna anayekuambia mapema kwamba kila kilo iliyotoka garini ilikuwa na kazi yake. Kiyoyozi kilikuwa na kazi. Paa lilikuwa na kazi kubwa sana, na nililifahamu hilo vizuri mvua iliponikuta kwenye barabara kuu nikiwa nimevaa kanzu kwenda kuswali Idi. Zulia, redio, vioo vya milango, mito ya hewa, viti vya nyuma, vyote vilikuwa na kazi, na vyote havikutoweka duniani kwa sababu tu vimetoka garini. Viko chini ya nyumba yangu. Kiti cha nyuma cha Subaru ndicho anachokalia shemeji yangu akija kutazama mpira, na kila mara hukumbusha waliohudhuria kwamba kina mkanda wa usalama.

Sasa nyaya. Ndani ya gari la kawaida kuna msitu wa nyaya ambao mwenye gari hauoni maisha yake yote, na mjenzi wa 818 lazima autandaze sakafuni auchambue waya mmoja mmoja, kwa kuwa waya wa kufungulia dirisha lisilokuwapo ni uzito wa bure. Nilitandaza sebuleni. Nilifunga vipande vya karatasi ya gundi nikaandika kwa kalamu ya wino: "taa ya kushoto", "feni ya rejeta", "usikate", "usikate kabisa", na "muulize mjomba". Kwa muda wote huo wageni walipita kwa kuruka. Mke wangu aliomba tarehe ya mwisho, nikamweleza kwamba kazi ya nyaya haina tarehe, akasema basi na yeye chakula cha jioni hakitakuwa na tarehe.

Injini ilipowaka, furaha ilidumu mpaka ile taa ya hitilafu kwenye dashibodi ilipowaka nayo. Kompyuta ya gari hili, mnisikilize vizuri, haijui kwamba gari limebadilika. Inaamini bado ni ile saluni ya milango minne yenye kuendesha magurudumu yote manne. Inaulizia sensa ya mvuke wa tangi la zamani, inaulizia sensa ya pili ya oksijeni kwenye ekzosi ambayo haipo tena, na isipojibiwa inaandika mashtaka. Wenzangu katika kazi hii huiunganisha na kompyuta ya mkononi, wakafungua programu yake na kufuta maswali hayo moja moja, kazi ambayo mimi naiona sawa na kumkatiza mzee aliyezoea kuulizia ndugu waliokwisha kufa.

Ukishaizoea programu hiyo ndipo mkono unapoanza kuwasha. Injini hizi hujua kiasi cha petroli cha kumimina kwa kupima hewa inayopita kwenye sensa ndani ya bomba la kuvutia, na sensa hiyo imepimwa kwa bomba la kipenyo chake. Kwenye 818 bomba la zamani halikai mahali pake, hivyo unaweka jingine, na kuanzia hapo kompyuta inahesabu hewa isiyokuwapo au inaikosa iliyopo. Unaporudisha hesabu mahali pake unatafuta sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli gari likitembea kwa utulivu, lakini turbo ikisukuma kwa nguvu zote unateremka hadi karibu 11 kwa moja, maana petroli ya ziada hupoza moto ndani ya silinda. Ukiikaba petroli wakati huo, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake, pistoni hupasuka kingo, na injini inanoki. Joto ni adui aliyehamia nasi, kwa kuwa kwenye Subaru kipoza hewa ya turbo hukaa juu ya injini chini ya boneti yenye tundu la kunasa upepo, nasi tumeihamisha injini hiyo hiyo nyuma ya viti, mahali ambapo upepo hufika kwa mwaliko tu. Ukisimama kwenye foleni, hewa inayoingia silindani inakuwa ya moto, kompyuta inapunguza nguvu, na kijana aliyepanda gari la mamake anakupita akikutazama kwa huruma.

Upimaji wa kweli unataka injini ibebeshwe mzigo, na hapo ndipo wepesi unapokuwa kero: gari halina uzito wa kuikalisha injini, mshale wa mizunguko unapanda kabla turbo haijajaza pumzi, na gia ya tatu peke yake inavuka maili 65 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha barabara zetu kuu, kabla sijamaliza kuandika namba ya kwanza. Kwa hiyo lazima nikodi mashine ya kupimia nguvu, inayolipishwa kwa saa. Saa yao huanza kuhesabiwa wakati wanapolifunga gari kwa minyororo, na hawana haraka yoyote na minyororo.

Kuna pia upangaji wa magurudumu, ambao sisi wa nyumbani huufanya kwa uzi. Unazungusha uzi pande mbili za gari, sambamba kabisa, kisha unapima kwa rula umbali wa kila ukingo wa rimu. Jirani yangu anayetoka Bukavu alinikuta nimepiga magoti katikati ya nyuzi, midomo ikinong'ona milimita, akasimama mbali kiasi cha heshima. "Mzee," akasema, "hii motokari unaifunga dawa?" Nilimweleza. Hakuamini, lakini tangu siku hiyo watoto wake hawachezi karibu na gari, faida ambayo sikuitarajia.

Mizani ndiyo imeniletea ugomvi wa kudumu. Unaweka mizani minne, mmoja chini ya kila gurudumu, unaizungusha pete ya kila springi kidogo kidogo mpaka jumla ya gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia iwe nusu kamili ya uzito wote. Dereva lazima awe amekaa kitini, kwani katika gari la kilo mia nane dereva si abiria, ni kipuri. Nami nilifikisha nusu kamili kabla ya Idi. Baada ya Idi, kutokana na pilau ambayo siwezi kumlaumu aliyeipika, hesabu ilikuwa imehama. Mke wangu aliziangalia namba, akaniangalia mimi, akauliza kama zile kilo tatu nilizoagizia rimu za alumini ili kuzipunguza hazipunguziki kwa bei nafuu zaidi kwenye sinia.

Bima nayo. Binti wa simu aliuliza gari ni la mwaka gani. Nikamwambia injini ni ya 2004, chasisi ni ya baadaye, bodi nimeifunga mwenyewe. Akauliza nani mtengenezaji. Nikamwambia mimi. Akaniomba nisikate simu, akaniachia muziki wa kinanda ambao naweza kuuimba hata leo.

Na wakati haya yote yakikamilika, theluji inaanguka. Hapa barabara humwagiwa chumvi kuanzia Desemba, chumvi hula chuma, na matairi ya kiangazi hukakamaa kwa baridi, kwa hiyo gari linalokimbia kuliko yote mtaani hushinda limesimama mpaka majira ya kuchipua. Nimewaza kulipeleka Mombasa. Mjomba amenikumbusha kwamba Kenya haisajili gari kuukuu la usukani wa kushoto, na kwamba hata likiingia kwa muujiza, tuta la kwanza litaliondolea tumbo.

Kwa sasa nimeagiza betri ya lithiamu, ambayo peke yake itapunguza zaidi ya kilo kumi kuliko ile ya risasi na asidi. Maelezo yake yanasema isichajiwe chini ya nyuzi sifuri, na gereji yangu hushuka huko kila usiku wa Januari, hivyo lazima ilale ndani. Nilimuuliza mke wangu tutaiweka wapi. Amenionyesha upande wangu wa kitanda, akasema yeye hana shida na chochote kisichokoroma.